Pointi Laki Moja ni Shilingi Ngapi?



Somo letu safari hii ni la hesabu. Msiliogope, maana ni hesabu ya kutoa, kuzidisha na kugawanya tu, ile iliyofundishwa shule ya msingi. Tafuteni kalamu na karatasi, na mwenye miwani aivae.

Siku hizi neno "pointi" limeingia katika nyumba zetu. Kijana aliyeko Marekani, Uingereza au Uarabuni huwapigia simu wazazi wake na kusema, "Msiuze ng'ombe wala msikope. Nina pointi laki moja katika kadi yangu. Mama atakuja kwa pointi." Nyumba nzima hufurahi. Mama huanza kushughulikia pasi ya kusafiria, na majirani hupata habari. Miezi miwili baadaye kijana anasema kwamba pointi hazitoshi tena, au zinatosha lakini kuna kodi ya dola mia tatu ya kulipwa taslimu, au nafasi za Desemba zimekwisha. Hapo wazazi huona wamechezewa, na zipo nyumba zilizonuniana kwa jambo hili. Lakini mara nyingi kijana hakusema uongo. Alitaja idadi ya pointi, hakutaja thamani yake, na hivyo ni vitu viwili mbali.

Kwanza tujue pointi ni nini. Ni alama ambayo kampuni humwandikia mteja kila anapotumia fedha. Mashirika ya ndege ndiyo yaliyoieneza desturi hii. American Airlines ilianza mpango wake tarehe 1 Mei 1981, ikihesabu maili alizosafiri abiria. Mwaka 1987 ikashirikiana na benki ya Citibank kutoa kadi ya mkopo ambayo ilimpa mtu maili hata asiposafiri, mradi anunue vitu kwa kadi hiyo. Kadi ya mkopo ni ile ambayo benki inakulipia dukani leo, nawe unairudishia mwisho wa mwezi. Tusiichanganye na kadi ya kawaida ya benki iliyo mifukoni mwa wengi wetu, ambayo hukata fedha zetu wenyewe zilizomo katika akaunti.

Watu wa Muheza watanielewa upesi nikitumia mfano wa chungwa. Chungwa likiwa shambani wakati wa msimu lina bei yake. Likifika Kariakoo lina bei nyingine. Hakuna mwenye akili anayeuliza bei ya chungwa bila kutaja wapi na lini. Pointi ndivyo ilivyo, ila kuna tofauti moja kubwa. Chungwa ni lako: waweza kulila, kumgawia jirani, au kumwuzia yeyote apitaye njiani. Pointi ina mnunuzi mmoja tu, naye ni yule yule aliyekupa, na bei anapanga yeye.

Tuanze na pointi zilizo karibu nasi. Ndugu zetu wa Horohoro, na wote wanaofanya biashara Lunga Lunga na Mombasa wakiwa na laini za Kenya, wanazijua Bonga Points za Safaricom, zilizoanza mwaka 2007. Kanuni yake iliyozoeleka ni kwamba ukitumia shilingi 10 za Kenya unapata pointi moja. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, kampuni iliruhusu pointi hizo zitumike kulipia vitu madukani, na pointi moja ikahesabiwa senti 30. Baadaye ikashushwa hadi senti 20.

Sasa shikeni kalamu. Mtu aliyetumia shilingi 1,000 alipata pointi 100. Kwa senti 30, pointi hizo zilikuwa shilingi 30. Kwa senti 20, ni shilingi 20. Yaani katika kila shilingi mia alizotumia, alirudishiwa tatu, kisha zikawa mbili. Mtu huyo hakufanya kosa lolote. Alilala akiwa na pointi zake, na alipoamka idadi ilikuwa ile ile, lakini theluthi ya thamani ilikuwa imeondoka. Na pointi laki moja kwa hesabu hiyo ni shilingi 20,000 za Kenya. Si kitu kidogo, lakini angalieni alichotumia ili azipate: shilingi milioni moja.

Tena mwezi Oktoba 2022 kampuni ilitangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu bila kutumiwa zitaanza kufutwa kuanzia Januari 2023. Kelele zikawa nyingi, maana walikuwapo watu waliokuwa wakizilimbikiza miaka na miaka kama akiba ya uzeeni. Lakini pointi si akiba. Fedha ulizoweka benki ni mali yako, na benki ikizikalia zaidi inakulipa faida. Pointi ukizikalia hazizai, na wakati wowote zaweza kupunguzwa. Masharti ya mashirika mengi, kwa yale maandishi madogo ambayo hatuyasomi, husema wazi kwamba pointi si mali ya mteja, na mengine husema kwamba mteja akifariki hazirithiwi. Familia zinazogawana mirathi ziwe na habari hiyo.

Ajabu ni kwamba kampuni zenyewe huziandika pointi kama deni. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, ile ya IFRS 15 iliyoanza kutumika mwaka 2018, inaitaka kampuni itenge sehemu ya mapato kwa ajili ya pointi ambazo bado hazijatumiwa. Lakini inaruhusu pia kukadiria kwamba sehemu fulani haitatumiwa kamwe. Kwa hiyo usahaulifu wetu nao umo katika vitabu vyao.

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge, huko Korogwe, Muheza na Pangani, watakumbuka kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Siku ulipomaliza kazi uliyopimiwa, uliwekewa alama. Alama 30 zilipotimia, ndipo ulipolipwa. Mwenye alama 27 hakuwa na mshahara wa siku 27 mkononi, alikuwa na karatasi. Nawakumbusha hayo kwa sababu pointi nyingi zina tabia ya kipande: tiketi ikiwa inataka pointi 60,000, mwenye 55,000 hana tiketi. Lakini kipande kilizidi pointi kwa jambo moja. Mshahara wake ulijulikana tangu siku ya kwanza.

Sasa twende Marekani, waliko vijana wengi wenye kadi hizi. Huko zipo kadi za kawaida zisizo na ada, na zipo kadi za wakubwa, za chuma, ambazo mwenye nazo huingia ukumbi wa mapumziko uwanjani na kunywa chai bila kulipa. Mbili zinazosifiwa sana ni Chase Sapphire Reserve na American Express Platinum. Wenye kadi hizo wakikutana husikia fahari kutajiana pointi. Lakini pointi ya huyu na pointi ya yule si mamoja. Pointi ya Chase ukiitaka kwa fedha taslimu unapewa senti moja ya dola. Pointi ya American Express, ukitaka ipunguze deni la kadi yako, imekuwa ikihesabiwa senti 0.6 tu. Kwa hiyo pointi laki moja za mmoja ni dola 1,000, na laki moja za mwenzake ni dola 600. Idadi ni moja, tofauti ni dola 400, kama shilingi milioni moja za kwetu tukikadiria dola kwa shilingi 2,500.

Mwenye American Express atanijibu, "Mimi sizibadili kwa fedha. Ninazihamishia kwenye shirika la ndege, nako zinapata thamani kubwa zaidi." Asema kweli, yawezekana. Ndiyo sababu lazima tujue kupima tiketi.

Kanuni ni hii. Chukua bei ya tiketi kwa fedha taslimu. Toa kodi na tozo ambazo utalipa hata ukitumia pointi. Kinachobaki kigawanye kwa idadi ya pointi zinazotakiwa. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi inauzwa dola 1,400. Kwa pointi inataka 100,000 pamoja na kodi ya dola 300. Ukitoa 300 katika 1,400 zinabaki 1,100. Gawanya kwa 100,000, unapata senti 1.1 kwa kila pointi. Basi kwa mwenye Chase faida juu ya fedha taslimu ni ndogo sana, na kwa mwenye American Express ni karibu mara mbili ya zile senti 0.6. Pointi za mwenye American Express zina kazi nzuri katika tiketi hiyo, na afadhali asizitumie kulipia deni la kadi.

Hapa ndipo wajanja wa pointi wanapotukoroga. Wanasema, "Mimi nilipata senti sita kwa pointi!" Ukiwauliza ilikuwaje, wanakuambia walichukua kiti cha daraja la kwanza ambacho bei yake ni dola 6,300, wakatoa pointi laki moja na kodi dola 300. Hesabu yao haina kosa: 6,000 gawanya kwa laki moja ni senti sita. Lakini ningemwuliza mtu huyo swali moja. Kama usingekuwa na pointi, ungetoa dola 6,300 mfukoni kwa ajili ya kiti? Kama angetoa, basi kweli aliokoa dola 6,000. Kama asingetoa, na ni wachache mno wanaoweza, basi hakuokoa dola 6,000. Alipata safari ya starehe, na starehe si dhambi, lakini thamani yake kwake ni zile fedha ambazo angekuwa tayari kuzitoa, wala si bei iliyobandikwa na shirika. Mama anayekwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa angekaa kiti cha kawaida na angefika saa ile ile. Kwake thamani ni dola 1,100 alizoziepuka. Na kama pointi laki moja zingetosha kiti kimoja cha mbele au viti viwili vya nyuma, baba naye angekwenda.

Jambo hili la bei iliyobandikwa ndilo kubwa kuliko yote katika somo letu. Muuza khanga Ngamiani akikuambia, "Hii bei yake elfu thelathini, nakupa kwa kumi na tano," hujui umeokoa nini mpaka ujue duka la pili wanauza ngapi. Na kama hukuwa na haja ya khanga hukuokoa kitu, umetumia elfu kumi na tano.

Tena viti vya pointi si vingi. Mashirika hufungua vichache katika kila ndege, na siku za Krismasi au likizo kubwa hupanda au hutoweka kabisa. Zamani mengi yalichapa jedwali lililoonyesha safari fulani ni pointi kadhaa. Shirika la Delta liliondoa jedwali lake mwaka 2015, na tangu hapo msafiri huijua bei siku anapouliza. Kwa hiyo kijana akisema leo kwamba pointi zinatosha, maana yake zinatosha leo. Akishaona tiketi inayofaa, na mama ameshapata viza, aikate.

Tukumbuke pia ada. Kadi ya Sapphire Reserve ilipoanza mwaka 2016 ada yake ilikuwa dola 450 kwa mwaka, ikapanda kuwa 550 mwaka 2020, na mwaka 2025 ikawa 795. Ile ya Platinum ilipanda hadi 695 mwaka 2021, na mwaka 2025 ikawa 895. Kwa haki tuseme kwamba Sapphire Reserve hurudisha dola 300 za gharama za safari kila mwaka, na ukizitoa katika 795 zinabaki 495. Ili kufidia dola 495 kwa senti moja, mtu anahitaji pointi 49,500 kila mwaka kabla hajaanza kupata faida hata ya senti moja. Kwa manunuzi ya kawaida, ambayo dola moja huleta pointi moja, hiyo ni kununua vitu vya dola 49,500. Kijana anayelipa kodi ya nyumba, anayesomesha wadogo zake na kutuma fedha nyumbani, afikirie kama kadi ya chuma inamfaa kuliko ile isiyo na ada.

Riba ni kali zaidi. Kadi hizi zinamfaa yule tu anayelipa deni lote kila mwezi. Huko Marekani riba ya kadi imezidi wastani wa asilimia 20 kwa mwaka tangu 2023. Mtu akinunua vitu vya dola 2,000 anapata pointi 2,000, yaani dola 20. Akiliacha deni hilo mwaka mzima, riba yake ni kama dola 400. Amepewa ishirini kwa mkono wa kuume, akanyang'anywa mia nne kwa mkono wa kushoto, na bado anajivunia pointi.

Msomaji atauliza, hizo ishirini zinatoka wapi? Benki si mjomba wetu. Mwenye duka akipokea malipo kwa kadi ya mkopo hukatwa sehemu ya mauzo yake, na sehemu hiyo ndiyo inayolipia pointi. Mwenye duka naye haitoi katika chakula cha watoto wake. Hupandisha bei kidogo kwa wateja wote. Kwa hiyo mama anayelipa kwa noti anachangia pointi za tajiri aliye nyuma yake katika foleni, wala yeye hapati hata moja. Wachumi wa Benki ya Akiba ya Boston walilipima jambo hili mwaka 2010. Walikadiria kwamba huko Marekani kaya inayolipa taslimu hupoteza wastani wa dola 149 kwa mwaka kwa njia hiyo, na kaya inayotumia kadi hupokea dola 1,133. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kikomo mwaka 2015, kwamba makato ya kadi ya mkopo yasizidi asilimia 0.3 ya bei. Ndiyo maana kijana aliyeko Uholanzi au Ujerumani hana pointi nyingi kama mwenzake wa Marekani. Wazazi wasimwone mzembe.

Pointi hufa pamoja na mwenye duka. Nakumatt ilikuwa na maduka makubwa Kenya, Uganda, Rwanda na hapa kwetu, Moshi na Dar es Salaam, na wateja wake walikuwa na kadi ya kukusanya pointi. Mwaka 2017 rafu zikaanza kuwa tupu na matawi kufungwa, na Januari 2020 wanaoidai walipiga kura ifilisiwe. Aliyekuwa na pointi akisubiri zitimie za kununulia jiko, alibaki na kadi. Mashirika ya ndege yaliyo imara hayafi upesi hivyo, na pointi zao ni utajiri mkubwa kwao: mwaka 2020 shirika la United liliweka rehani mpango wake wa pointi ili likope, nao ulithaminiwa karibu dola bilioni 22. Lakini tuangalie ni utajiri wa nani.

Kwa hapa Tanga, kadi za mkopo bado ni chache. Hata hivyo afisa wa benki akikuita ofisini kwa sababu mafao yako ya kustaafu yameingia, akakuwekea mezani kadi ya dhahabu na karatasi yenye picha za ndege, usimkatalie kwa ukali wala usitie sahihi siku hiyo. Mwulize ada ya mwaka ni kiasi gani. Mwulize pointi moja ni shilingi ngapi ukiitaka taslimu leo, na kama hawezi kutaja shilingi, andika sifuri. Mwulize zinakufa baada ya muda gani, na deni likilala mwezi mmoja riba yake ni kiasi gani. Kisha nenda nyumbani ukazifanyie hesabu namba hizo.

Sasa zoezi. Kijana ana pointi 60,000. Kampuni ya kadi iko tayari kumlipa dola 600 taslimu kwa pointi hizo zote. Tiketi ya mama yake inauzwa dola 900. Akiitaka kwa pointi, atatoa zote 60,000 pamoja na kodi ya dola 360. Achukue lipi?

Jibu kwa wasio na subira: toa 360 katika 900, zinabaki 540. Gawanya kwa 60,000, unapata senti 0.9 kwa pointi, na taslimu ni senti 1. Akichukua fedha ataongeza dola 300 ili anunue tiketi. Akitoa pointi atalipa 360. Achukue fedha, na zile dola 60 amnunulie mama koti, maana huko kuna baridi.